PS2 ya kuchezesha: nichomelee chip au nitumie memori kadi?

Kijana_wa_Buza: Wakuu habari za jioni. Nataka kuchukua PS2 mbili za mtumba nifungue kibanda cha gemu mtaani. Muuzaji anasema hazijachipiwa, zinasoma CD orijino tu. Fundi wa jirani yuko tayari kuzichomelea chip, mwingine kanicheka, eti siku hizi ni memori kadi. Ipi bora? Nalipia kesho asubuhi.

Risasi_na_Flaksi: Modeli ipi mkuu? Nene au slim? Geuza usome namba inayoanza na SCPH. Bila hiyo tunapiga ramli.

Mzee_Pedi: Na lenzi zinasoma? Umezijaribu au umeonyeshwa picha?

Kijana_wa_Buza: Ni slim nyeusi. Namba sijaisoma, zipo kwa muuzaji.

Risasi_na_Flaksi: Kama ni jamii ya 70000 hadi 79000, Free McBoot (programu ya kuifungua PS2 bila chip) inakaa kwenye memori kadi, unachomeka, unawasha, kwisha. Hufungui hata skrubu. Za kuangalia ni 90000: zile za mwishoni zenye BIOS (programu ya ndani ya kuwashia mashine) toleo 2.30 zinaikataa. Hizo unatumia FreeDVDBoot iliyotoka 2020. Unachoma DVD moja, inapenya kupitia programu ya kuchezea filamu. Lakini lenzi iwe nzima.

Nyaya_Fupi: Mimi na chip mpaka kesho. Memori kadi kwenye kibanda? Watoto wataichomoa siku ya kwanza. Chip iko ndani, unaweka DVD ya kuchoma, gemu linawaka.

Shem_wa_Tabata: Usithubutu. Slim yangu niliipeleka kwa fundi mmoja, jina namsitiri. Alitumia chuma cha kuchomelea sabufa, ncha yake inafunika miguu minne ya IC (kile kidude cheusi chenye miguu mingi kwenye bodi) kwa mpigo. Nyaya ndefu, akazipitisha juu ya bodi bila gundi. Ikawaka, tukafurahi. Baadaye ikawa inaganda kwenye nembo, ukibonyeza mfuniko inaendelea. Nikairudisha. Akavuta waya mmoja, ukang'oka na kiduara cha shaba chini yake, njia ikakatika. Akaunga. Ndipo lenzi ikaungua. Akaweka nyingine, nayo ikaungua! Mwisho ananiambia bodi ilikuwa mbovu tangu nyumbani. Hela ya lenzi zote mbili nililipa mimi.

Nyaya_Fupi: Hilo ni kosa la fundi, si la chip. Slim za mwanzo zinajulikana kuunguza lenzi zikichipiwa, ndiyo maana wanaojua wanaongeza ile kinga ya lenzi wanayoiita Romeo. Waya mwembamba, mfupi, flaksi (dawa ya kusaidia risasi kushika) ya kutosha.

Shem_wa_Tabata: Na huyo anayejua anapatikana wapi? Kila fundi anajiita anayejua.

Mzee_Pedi: Wote mnazungumzia DVD. Kibanda kinachezesha kutwa, lenzi haidumu, chip au bila chip. Tafuta nene, 30000 au 50000, nyuma ina nafasi ya hard disk. Netiweki adapta, diski ya IDE (aina ya zamani), OPL (programu ya kuchezesha gemu kutoka kwenye diski au flashi), gemu zote humo humo. Slim utategemea flashi, na USB yake ni 1.1, video za katikati ya gemu zinakwamakwama.

Kijana_wa_Buza: Wateja wangu ni mpira tu mzee, video wanaruka.

Dada_Volti: Namba ikiishia na 0 kwa kawaida ni ya Japani, volti 100. Jamii ya 70000 adapta iko nje, unabadilisha. 90000 pawasapulai iko ndani, ukichomeka kwenye umeme wetu unasikia paa!

Nyaya_Fupi: Na kama TV ni chogo la zamani, gemu za Marekani zitatoka nyeusi na nyeupe.

Mzee_Pedi: Chogo bado ndiyo TV ya gemu. Flati zinachelewesha, unapiga pasi mpira unaondoka baadaye.

Nyaya_Fupi: Mzee flati gani hiyo unayotumia?

Shem_wa_Tabata: Jamani, nani ana pedi orijino anauza? Hizi za sasa analogi inavuta kushoto yenyewe.

Kijana_wa_Buza: Nampigia muuzaji anisomee namba, simu inaita tu.