Akili mnemba inaandika kodi za kompyuta. Sasa lugha ya programu ya Python tujifunze ya nini?

Wadau, kuna hoja inazidi kushika kasi: anayeanza sayansi ya data asome takwimu tu, kodi ataandikiwa na akili mnemba. Mimi napinga, na niko tayari kuchanwa.

Kodi inayogoma haina shida. Ikigoma utaona, utarekebisha. Balaa ni ile inayokubali vizuri halafu inatoa jibu bovu. Chukua jedwali la wateja na jedwali la malipo, uyaunganishe kwa namba ya mteja. Kumbe kwenye la wateja kuna namba imejirudia. Programu hailalamiki. Malipo yote ya mteja yule yanahesabiwa mara mbili na jumla inavimba. Asiyejua kusoma kodi atampelekea bosi namba hiyo huku anatabasamu. Anayejua atahesabu mistari kabla ya kuunganisha na baada yake, basi.

*— Mkuu, unatisha watu bure. Wangapi wanafanya uchambuzi kwa Excel tu na maisha yanaenda?*

Yanaenda hadi siku yanapokwama. Mwaka 2020 huko Uingereza, karibu watu 16,000 waliokutwa na korona walikosekana kwenye hesabu za kila siku, kwa sababu faili la Excel la muundo wa zamani huishia mstari wa 65,536. Au wale wachumi Reinhart na Rogoff: makala yao ya 2010 kuhusu madeni ya serikali ilikuwa na wastani ulioruka nchi tano kati ya 20, kisa fomula haikuvutwa hadi mwisho. Iligundulika 2013, baada ya mwanafunzi kupewa faili lenyewe. Fomula hujificha ndani ya kisanduku. Kodi unaisoma mstari kwa mstari, na mwenzako naye anaisoma.

*— Kodi sawa, ila mbona kila mtu Python? Lugha ya R ilitengenezwa na wanatakwimu, Ihaka na Gentleman, kwa kazi hii hii.*

Ugomvi huo siuingii. Ukinibana nitasema SQL kwanza, lugha ya kuchota data kwenye hifadhidata, maana data nyingi za kazini zinakaa kwenye hifadhidata, halafu chagua yoyote kati ya hizo mbili.

*— Mimi naona umejipiga mwenyewe. Mfano wako wa malipo hauhusu kodi hata kidogo. Mhasibu makini asiyejua Python angestuka kuona jumla imevimba, kwa sababu anaijua biashara. Mjua kodi asiyeijua data angepita tu.*

Hapo umenishika, dada. Kuijua data kunatangulia, na nilipaswa kuanza na hilo. Ila niambie: mhasibu wako amestuka, sawa. Mistari ni milioni mbili, na Excel ya sasa inaishia 1,048,576, kwa hiyo faili zima halimfungukii. Namba iliyojirudia ataitafutaje?