Naomba ushauri: nianze na picha ipi ya Rimbaud?

Ndugu wanachama, salaam. Ninafundisha Kifaransa kidato cha tano na ninaandaa maonyesho madogo ya ukutani kuhusu sura ya mshairi Arthur Rimbaud (1854–1891), ila nimekwama kwenye mpangilio.

Picha inayojulikana zaidi ni ile aliyopigwa na Étienne Carjat mwaka 1871, akiwa na miaka 17, nywele zimetimka na macho yanatazama mbali. Mwaka uliofuata Fantin-Latour alimchora kwenye mchoro wa rangi uliopo kwenye jumba la makumbusho la Musée d'Orsay, Paris, ameketi kando ya mshairi mwenzake Verlaine huku ameegemeza kidevu mkononi, na Verlaine mwenyewe alimchora kwa mistari michache tu, kijana mwenye kofia na kiko, mikono mifukoni. Huo wa Verlaine ndio ninaoupenda kuliko yote.

Tatizo langu ni picha alizojipiga mwenyewe Harar, Ethiopia, mwaka 1883, akiwa mfanyabiashara aliyekwisha kuachana na ushairi. Zimefifia, na katika barua kwa familia yake alilaumu maji mabaya aliyosafishia picha. Je, nizikoleze kwa kompyuta kabla ya kuchapa ili wanafunzi wa nyuma waione sura, au niziache na ukungu wake? Na je, zitangulie kwa kuwa ni za Afrika, au nifuate miaka? Waliowahi kuandaa maonyesho ya aina hii, naombeni mwongozo.