Ekstensheni feki: abanwe mwenye duka au aliyeziingiza nchini?

Fundi_Mbagala: Wakuu, kuna mteja kaniletea ekstensheni imeungua. Juu imeandikwa 13A. Kuifungua, waya wa ndani mwembamba kama uzi wa kushonea viatu, na kwenye plagi mahali pa fyuzi pamewekwa kipande cha waya. Alichomeka pasi na birika kwa pamoja. Ampea 13 kwa volti 230 ni karibu wati 3,000. Waya kama huo, wa milimita za mraba 0.75, ni wa ampea 6 tu. Watoto walikuwa wamelala chumba hichohicho! Nasema kila duka la vifaa vya umeme lilazimishwe kuuza chenye nembo ya TBS (Shirika la Viwango) tu na kuandika jina la bidhaa kwenye risiti. Likikutwa na feki, lifungwe.

Bint_Gerezani: Kaka, mimi nina duka. Mzigo nachukua kwa jumla, boksi limeshagongwa nembo. Nitaupimia wapi? Abanwe mwagizaji. Halafu mafundi msijifanye malaika. Nani anakuja dukani anasema "nipe ya bei ya chini, kwenye risiti andika ya juu"?

Fundi_Mbagala: Dada, hapo umenivunjia heshima. Nina leseni ya ufundi umeme ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji, na sijawahi kuomba risiti ya uongo. Kama kuna aliyekuomba, ulimwandikia au ulikataa?

Bint_Gerezani: Nilikataa, na mteja nikampoteza. Akaenda duka la pili.

Mkazi_Tandika: Dada yuko sahihi. Mimi nimelipia waya wa milimita za mraba 2.5 kwenye soketi zote, jirani ananiambia ukutani kumelazwa 1.5. Mafundi ndio wanaotuunguzia nyumba.

Fundi_Mbagala: Sio mafundi wote, mkuu. Usitujumuishe.

Mzee_Upanga: Mnagombana bure. Chanzo ni Wachina wa Kariakoo. Ndiyo maana Julai 2025 Serikali ikazuia wageni kwenye biashara 15.

Bint_Gerezani: Shikamoo mzee. Amri ile ilihusu nani auze, haikugusa ubora. Hata kutengeneza simu wageni wamezuiwa, lakini mzigo wa Guangzhou unaingia vilevile, tofauti sasa unaagizwa na sisi wenyewe.

Mzee_Upanga: Marahaba. Angalau pesa inabaki nchini.

Mkazi_Tandika: Pesa inabaki, nyumba inaungua. Hiyo ni faida gani, mzee?

Wakili_Njiani: Sheria ya Alama za Bidhaa ni ya mwaka 1963 na inasimamiwa na FCC, Tume ya Ushindani. Inamgusa anayeuza feki, sio mwagizaji peke yake. Kwa hiyo dada, "nimeuziwa hivyohivyo" sio kinga ya moja kwa moja. Tunza ankara za mwenye jumla.

Bint_Gerezani: Mwenye jumla hatoi ankara! Ukimdai, anakwambia nenda kwingine. Anzeni huko.

Kijana_Sinza: Ifanyike kama simu feki. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilizizima zote 2015, tukanyooka.

Wakili_Njiani: Ni Juni 2016.

Kijana_Sinza: Sawa, 2016. Hoja iko palepale.

Mkazi_Tandika: Haiko palepale. Simu ilizimwa mkononi mwa mnunuzi, muuzaji alishakula hela yake. Na ekstensheni haina IMEI, ile namba ya utambulisho ya simu, utaizimaje? Mama yangu alibaki bila simu, asizungumzie mtu kunyooka hapa.

Kijana_Sinza: Pole kwa mama, sikuwa na nia hiyo.

Fundi_Mbagala: Mkazi, nyumba yako inanisumbua kichwani. Zima swichi kuu, jaribu taa uhakikishe umeme umekata, kisha fungua soketi moja. Waya halali umeandikwa ukubwa wake kwenye ngozi, maandishi yanajirudia urefu wote.

Mkazi_Tandika: Nimefungua mbili, na waya nimeuvuta nje kidogo. Hauna hata herufi moja. Risiti ninayo, imeandikwa 2.5.

Bint_Gerezani: Risiti ya duka gani?