Kinyago cha sowo cha Wamende: mbona huvaliwa na wanawake?

MpendaVinyago:
Ndugu zangu, nimezoea kwamba kinyago ni jambo la wanaume, kwani hata kwa Wamakonde anayecheza lipiko ni mwanamume. Juzi nimesoma kwamba Wamende wa Sierra Leone wana kinyago cha mti kinachovaliwa na wanawake. Je, huchongwa na nani, na kazi yake hasa ni ipi?

Mama Bagamoyo:
Ni kweli, mwanangu. Kinyago hicho ni cha Sande, chama cha wanawake kinachowafunda wasichana, kama makungwi wetu wanavyomfunda mwali unyagoni. Mchongaji ni mwanamume, lakini wanaomwagiza ni wakuu wa Sande, na akikimaliza si chake tena. Hukichonga katika gogo moja, akalikomba ndani ili kichwa cha mchezaji kiingie chote, kisha hukitia weusi na kukipaka mafuta mpaka king'ae kama ngozi ya mwali siku ya kutolewa nje. Tazama uso wake: paji pana, macho membamba yaliyoinama, na kinywa kidogo kilichofumbwa, kwa kuwa aliyefundwa hatoi siri. Mapingili ya shingoni wengine huyaeleza kuwa ni unono wa afya, na wengine kuwa ni viwimbi vya maji, maana sowo, roho ambayo kinyago hiki ni sura yake, hutoka majini.

Fundi wa Mwenge:
Naongeza kwa jicho la mchongaji. Angalieni matundu yaliyotobolewa kuzunguka ukingo wa chini. Hapo hufungwa nyuzi nyeusi za rafia zinazoufunika mwili wa mchezaji. Makumbusho mengi ya Ulaya huonyesha kichwa peke yake, nami huumia nikikiona, kwa sababu Wamende wenyewe kipande hicho cha mti hukiita sowo-wui, yaani kichwa cha sowo. Sowo mwenyewe ni mti, nyuzi, mwili na ngoma kwa pamoja.

MpendaVinyago:
Nawashukuru. Lakini Mama, si Sande hiyo hiyo inayokeketa wasichana?

Mama Bagamoyo:
Ndiyo, na halifai kufichwa. Kwa desturi kuingia Sande kumeambatana na ukeketaji, na wapo wanawake wa Sierra Leone wanaopigania mafunzo yabaki na kisu kiondoke. Mimi niko upande wao. Sowo hutoka pia kwenye mazishi ya wakuu na kuwapokea wageni wa heshima, akicheza bila kutamka neno huku msaidizi wake akisema kwa niaba yake, na ngoma hiyo haihitaji damu ya mtoto yeyote.