Wabenediktini wa St. Ottilien: mmonaki aliyeweka nadhiri ya kudumu monasterini aliwezaje kuwa mmisionari?

Mwandishi wa Parokia
Ndugu zangu, Tumsifu Yesu Kristo. Ninaandaa makala juu ya shirika lililoanzisha monasteri za Peramiho na Ndanda, kusini mwa Tanzania. Kinachonitatiza ni kwamba mmonaki wa Mtakatifu Benedikto huweka nadhiri ya kudumu katika monasteri yake hadi kufa, ilhali hawa walivuka bahari. Shirika la namna hiyo lilianzaje?

Mzee wa Maktaba
Milele amina. Swali lako ndilo lililomsumbua mwanzilishi mwenyewe, Padre Andreas Amrhein, Mswisi aliyekuwa mmonaki wa Beuron, Ujerumani. Alitamani umisionari, lakini abasia yake, yaani monasteri inayoongozwa na abate, haikuwa na kazi hiyo. Kwa hiyo mwaka 1884 alianzisha nyumba yake huko Reichenbach, Bavaria, na mwaka 1887 akaihamishia Emming, mahali ambapo leo panaitwa St. Ottilien. Hoja yake ilikuwa kwamba wamonaki wa kale waliiinjilisha Ulaya bila kuacha maisha ya kimonaki, kwani walikwenda wakiwa jumuiya, wakajenga, wakalima na kufundisha papo hapo walipokuwa wakisali. Kwa maoni yangu alikuwa na maono makubwa kuliko uwezo wake wa kuongoza, maana katikati ya miaka ya 1890 alijiuzulu na shirika likaendelea bila yeye.

Dada Mpenda Historia
Naomba kuongeza, Mzee wangu, kwamba shirika lilikua kwa damu ya watu wake wenyewe kumwagika. Wamisionari wa kwanza walifika mwaka 1888 wakaweka kituo Pugu, karibu na Dar es Salaam, na Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, kituo kilivamiwa: mabruda wawili na sista mmoja waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka. Peramiho ilianzishwa mwaka 1898 na Padre Cassian Spiss, ambaye baadaye, akiwa askofu, aliuawa pamoja na mabruda wawili na masista wawili katika Vita vya Majimaji, mwaka 1905. Tusisahau kwamba wamisionari hao walikuja chini ya kivuli cha utawala wa Kijerumani, na waliowashambulia hawakuona sababu ya kutenganisha msalaba na bendera.

Mwandishi wa Parokia
Nashukuru sana. Je, nadhiri ile iliwasaidia au iliwazuia?

Mzee wa Maktaba
Iliwasaidia, tena sana. Padre anayehamishwa kila baada ya miaka michache hawezi kusimamia karakana, lakini bruda seremala atakayezikwa Peramiho anaweza kumfundisha kijana kazi, kisha mtoto wa kijana huyo. Kengele ya sala ikilia anaweka randa chini na kuelekea kanisani, akirudi anaendelea na ubao uleule. Ndiyo maana hospitali, shule, mashamba na kiwanda cha uchapaji vilikua kuizunguka nyumba moja. Mwaka 1931 Peramiho na Ndanda zote mbili zikawa abasia.

Dada Mpenda Historia
Katika makala yako usiwaache masista, ambao makao yao makuu yalihamia Tutzing mwaka 1904, wala Hanga, monasteri iliyoanzishwa mwaka 1957 kwa ajili ya wamonaki Waafrika. Kwangu mimi ukuaji wa kweli unapimwa Hanga, kwa sababu pale nadhiri ya kudumu mahali pamoja iliwekwa na vijana wa Ungoni katika ardhi yao wenyewe.