"Haiingii maji" bila kipimo ni ulaghai. Wauza darubini, acheni kutuhatarisha baharini!

Wakuu, nimekasirika na leo sinyamazi. Darubini ya macho mawili niliyouziwa kwa ajili ya mashua ya tanga, iliyoandikwa "haiingii maji" kwa herufi kubwa sandukuni, imejaa ukungu. Si ule wa nje unaofutika kwa kitambaa. Uko ndani, nyuma ya kioo, hautoki. Muuzaji ananijibu eti baharini kuna unyevu mwingi! Huo unyevu si ndio sababu ya mtu kutafuta darubini ya baharini?

Vipimo vipo na wanavijua. IPX4 ni kuhimili maji ya kurushiwa tu. IPX7 ni kuzamishwa hadi mita 1 kwa dakika 30. Kwenye sanduku langu hakuna hata kimoja. Halafu kuzuia maji peke yake hakutoshi. Hewa ya kawaida ikifungiwa ndani ina mvuke, na kioo kikipoa usiku ule mvuke unageuka umande juu ya lenzi. Ndiyo maana darubini za maana hutolewa hewa hiyo, zikajazwa naitrojeni kavu na kuzibwa kwa pete za mpira. Pete zikivuja gesi inatoka, unyevu unaingia, na huwezi kuzikarabati mwenyewe ukiwa safarini.

Linalonichoma zaidi ni hizi namba kubwa. Mara 20, mara 30, zenye zumu! Chombo kinayumba, mkono unayumba, na kila mtikisiko unakuzwa kwa kiasi hicho hicho. Unaona boya likirukaruka, rangi yake huijui. Mabaharia wameshikilia 7x50 (inakuza mara 7, lenzi ya mbele ina upana wa milimita 50) kwa sababu ya hesabu: 50 ukigawa kwa 7 unapata mwanga wa upana wa milimita 7 hivi unaofika jichoni, karibu sawa na mboni iliyofunguka gizani. Ya 20x50 inakupa milimita 2.5. Jua likishazama, hiyo haikusaidii kutafuta taa ya mlango wa bandari wala chombo kinachokuja mbele yako. Mtu anayeuza kitu hicho kama "bora kwa bahari" anacheza na roho za watu.

Gurudumu la katikati la kurekebisha picha ionekane wazi nalo ni njia nyingine ya maji. Zinazorekebishwa kila jicho peke yake hazina tundu hilo, na kwa kuwa baharini karibu kila unachotazama kiko mbali, ukishaziweka sawa huzigusi tena.

Wanaouza zenye dira ndani, semeni pia imesawazishwa kwa upande gani wa dunia. Ya kaskazini ukienda nayo mbali kusini, kadi yake, ile sahani inayozunguka yenye alama za pande, inainama na kukwama.

Na raba ya nje isiwe pambo. Darubini ikigonga sitaha, miche ya kioo ndani (vile vipande vinavyogeuza njia ya mwanga) inahama, unaona vitu viwili viwili na kichwa kinauma.

Wenye darubini iliyodumu na chumvi kwa miaka, semeni ni ya aina gani na imezibwaje. Na wewe muuzaji, najua unasoma hapa: andika kipimo, andika gesi iliyomo, na pesa yangu naitaka yote.