Stika za DVD zinabanduka, nifanyeje?

kijana_mkomani: Jamani nimebani DVD 30 za harusi ya binamu yangu hapa Lamu nikabandika stika za karatasi nzuuri na picha ya maharusi, sasa kwa hili joto zinajikunja na deki inakwamakwama. Niandike na biro tu?

bi_shela: We stika achana nazo, ikiinuka upande mmoja DVD haizunguki sawa. Tumia maka peni ya maji yenye ncha laini. Biro usithubutu hasa kwa CD, data iko juu pale chini ya rangi tu, ukikwaruza imekwenda. DVD afadhali, yake iko katikati ya plastiki.

fundi_deki: Na hizo stika usizivute kwa nguvu, kopi upya tu. Mi huandika pale karibu na tundu, jina na tarehe basi.

kijana_mkomani: 30 tena?! Na bibi harusi ashaniuliza mara mbili.